Wimbo wa Kufunika Magurudumu

Mimi ni mtu wa sauti. Kule Uvira nilikozaliwa, mama yangu alikuwa akisema nikiita kuku, wanakuja na watoto wa jirani. Kunong'ona sijui. Hata kanisani nikijaribu kusali kimya, mtu wa benchi la mbele hugeuka kuniangalia. Nayasema haya mapema ili mkisikia nilichofanya kwa sauti hiyo, msinidhanie mtu mbaya. Nilipewa kazi, nami niliifanya kwa moyo wangu wote.

Kampala nilifika na mabegi mawili na watoto watatu. Miaka ya mwanzo nilitembeza vikwembe, vitenge vya kwetu Kongo. Nilivichukua soko la Owino asubuhi, nikavipandisha ofisi kwa ofisi mpaka miguu ikavimba. Kisha jirani yangu, Mkongo mwenzangu, mtoto wake akaugua, nikawa namsindikiza hospitali kumtafsiria, maana yeye Kiganda hajui na Kiingereza hajui. Huko ndiko walikoniona watu wa shirika moja dogo linalosaidia watoto wenye saratani. Wakaniuliza kama ningeweza kukaa na watoto wodini, kucheza nao, na kuwatafsiria wazazi wao. Nikawaambia, "Kucheza? Na mshahara juu? Nani atakataa?" Wakanipa aproni ya kijani na chumba cha michezo kwenye korido.

Wodi ilikuwa na watoto wa kila kabila, ila wale wa Kiswahili ndio waliokuwa wangu hasa: watoto wa Kongo, na watoto wa askari kutoka kaskazini. Hawa wa askari Kiswahili chao ni cha kambini, kifupi, kinakwenda moja kwa moja. Mtoto wa kambi hakwambii "samahani, naomba maji". Anakwambia, "Maji iko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Wakanicheka, nikaacha.

Sasa, wodi ile ilikuwa na desturi yake, na sikuwahi kumpata mtu wa kuniambia nani aliyeianzisha. Chumba cha michezo kilikuwa kati ya wodi na mlango wa nyuma. Mtoto akifariki mchana, kitanda cha magurudumu kilichombeba lazima kipite mbele ya mlango wetu. Gurudumu lake moja lilikuwa linalia, na hakuna mafuta yaliyolinyamazisha. Kwa hiyo sista wa zamu angekuja mlangoni, aniangalie tu, aseme, "Mama, watoto waimbe." Basi. Ningewakusanya haraka wote wanaoweza kutembea, nifunge mlango, nivute pazia, nichukue dumu la lita tano ninalolitumia kama ngoma, nianze. Nilikuwa nacheka, nacheza, nakata kiuno. Watoto wanapiga makofi. Kelele zetu zinajaa chumba mpaka kioo cha dirisha kinatikisika, na nje gurudumu linapita bila kusikika.

Nilijisifu, tena sana. Sista mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, bila wewe sijui tungefanyaje." Nikarudi nyumbani Bwaise siku hiyo nimevimba kichwa. Nilijiona nimewakinga watoto na jambo baya kuliko yote, kwa dumu na mapafu yangu.

Sehemu ya pili ya desturi ilikuwa kutotaja jina. Mtoto akishaondoka, kitanda kinafuliwa mashuka, jina linafutwa ubaoni, na hakuna anayelitamka tena mbele ya wenzake. Wakiuliza, wengine walisema amehamishiwa wodi nyingine. Wengine, nami nilikuwa mmoja wao, walikuwa na njia fupi zaidi. Walijifanya hawajui anayeulizwa ni nani.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni duara. Kila asubuhi watoto walikaa mkekani kwa mzunguko, tukasukumiana mpira wa matambara. Jumatano moja nikaona wamekaa ovyo, huyu hapa, yule kule, katikati yao mapengo ya kutosha mtoto kukaa. Nikawaambia, "Sogeeni bwana, mmekaa kama meno ya bibi!" Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Nikamshika mmoja begani nimsogeze, akajikaza. Mpira ukaanza. Mtoto mmoja akausukuma, na ukaenda kwenye pengo moja, ukasimama pale peke yake mkekani. Wote wakautazama. Wakangoja kwa muda ule ule ambao wangemngoja mtu audake na aamue wa kumpa. Kisha mtoto wa kando akanyoosha mkono, akausukuma mbele, mchezo ukaendelea.

Nikahesabu mapengo. Yalikuwa manne. Sikutaka kufikiri manne ya nini, ila nilijua.

Jamani, mimi ni mtu wa kanisa. Jumatano ile ile nilinunua kichupa cha mafuta ya upako kwa mchungaji wetu, nikanyunyizia mkeka wote kabla ya watoto kuingia. Asubuhi wakakaa, wakanusa, mmoja akauliza nani amemwaga mafuta ya nywele. Mapengo yakabaki pale pale. Mpira ukapita, ukangoja, ukaendelea, safari hii umepata doa la mafuta.

Kiongozi wa duara alikuwa binti wa askari, miaka tisa. Alikuwa na saratani ya damu. Baba yake alikuwa mpakani, harudi mpaka apewe likizo. Mama yake, mwanamke mrefu, mpole, asiyesema sana, alishinda akifua. Alifua hata kisichochafuka. Binti mwenyewe alikaa wima kama askari wa zamu, kichwa kipara, macho makubwa, na alihesabu kila kitu: vidonge, vigae vya sakafu, hatua za dokta. Dokta alisema ugonjwa wake ulikuwa wa ile aina inayoweza kupona, mradi asikose dawa. Alilirudia mara mbili, mimi nikamtafsiria mama yake mara mbili: asikose dawa.

Kitanda cha jirani yake, chini ya dirisha, alilala mtoto mdogo wa miaka mitano, kibogoyo wa meno ya mbele, kicheko kama cha mlevi. Hao wawili walikula sahani moja. Yule mdogo alifariki Alhamisi saa nne asubuhi. Sista alikuja mlangoni, nikaimba, nikakata kiuno. Binti wa askari alikuwa mbele yangu anapiga makofi, hakuniondolea macho hata mara moja.

Saa sita akanifuata.

"Anti, ile mutoto ya dirisha iko wapi?"

Nikamjibu, "Mtoto gani?"

"Ile ya dirisha. Tulikuwa tunakula yeye na mimi."

"Aah, wewe nawe! Pale dirishani hakuna mtoto. Ona, kitanda ni kitupu, kimetandikwa." Tena nikamchekea, nikamfinya shavu.

Hakulia, wala hakubisha. Akakitazama kitanda, akanitazama mimi, akalitazama dumu lililokuwa kwapani mwangu. Kisha akarudi kitandani kwake, akalala chali, mikono ubavuni, akajifunika shuka mpaka juu ya kichwa. Nikasema moyoni ameridhika. Mpaka leo nikikumbuka nilivyomfinya lile shavu, naona haya.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Asubuhi iliyofuata sista alipita na mizani, maana watoto wa dawa kali hupimwa uzito kila siku ili kipimo cha dawa kiwe sawa. Akaita jina lake. Binti akageuza kichwa huku na huku, kama wenzake, kuangalia anayeitwa ni nani. Sista akaita tena. Binti akasema kwa upole kabisa, "Huyo mutoto hayuko." Sista akadhani ni utani, akamnyanyua, akampima. Kulipokucha kesho yake, yale yale. Uji hakula. Vidonge alivibana shavuni, mama yake akavikuta chini ya godoro, vimelowa, vimepangwa mstari. Alipopelekwa kwenye sindano ya mgongo alijigeuza mzigo, hasukumi, havuti, hasemi. Hata kumng'ata mtu hakumng'ata. Ukimwita, macho yake yanapita juu yako, yanakwenda ukutani.

Na mimi nikiingia wodini, alikuwa anajifunika shuka. Mimi tu. Wengine wote aliwaacha waingie na watoke.

Siku ziliendelea hivyo, za dawa zilizokosekana. Mama yake aliacha kufua. Alikaa na kikombe cha uji mkononi mpaka uji ukaganda ngozi, akaniuliza, "Dada, mtoto wangu amekwenda wapi?" Niliogopa swali hilo, maana mtoto alikuwa amelala mbele yetu, macho wazi.

Kisha ikaja ile siku ya mvua. Ilikuwa saa nane mchana, mvua ya Kampala inayopiga bati kwa hasira, mwanga mweupe madirishani. Nilikuwa chumba cha masista nakunywa chai. Nikasikia wimbo. Ulikuwa wimbo wangu wa kwanza, ule ninaoanzia daima, na dumu chini yake linapigwa kwa mpigo wangu. Nikawatazama masista, wakanitazama. Hakuna aliyesema watoto waimbe. Hakuna aliyefariki.

Nikaenda mbio. Mlango wa chumba cha michezo ulikuwa umefungwa, nikausukuma. Pazia walikuwa wamelivuta. Walikaa kwenye duara lao lenye mapengo, sasa matano, na binti wa askari katikati ameweka dumu mapajani, analipiga, analia machozi bila sauti. Wote walikuwa wanacheka. Walicheka vile ninavyocheka mimi, meno nje, midomo imevutwa, macho hayamo.

"Nani amewaambia muimbe?"

Wakazidisha sauti.

"Nimeuliza nani! Nyamazeni!"

Mtoto wa Kikongo wa miaka sita akanijibu bila kuacha kupiga makofi, "Anakuja."

Nikatoka koridoni, nikaangalia huku na huku. Kulikuwa kutupu, maji ya mvua yanaingia chini ya mlango wa nyuma. Nikashusha pumzi. Nikaanza hata kukasirika, nikitunga maneno ya kuwachapa nayo. Ndipo nikasikia kutoka wodini sista akiita wenzake kwa majina, mara moja, kwa ile sauti ya dharura. Halafu miguu. Halafu, baada ya muda mrefu ambao nilisimama pale nimeshika kitasa, lile gurudumu. Watoto walikuwa wameanza kuimba kabla sista hajaita.

Siku hiyo wodi nzima ilizizima. Mama mmoja alisema watoto wameingiliwa, akataka waombewe kwa kuwekewa mikono. Mwingine alifunga virago akasema anamtoa mwanawe. Na mimi, nisiwadanganye, niliamini. Nililiacha dumu pale pale nisithubutu kulishika.

Shirika letu lilikuwa na mwanasaikolojia aliyekuja kila Ijumaa. Binti wa Kiganda, umri wa mwanangu wa kwanza, viatu vya raba na daftari. Sikumwelewa kazi yake. Niliona anakaa na watoto anachora, halafu analipwa kuliko mimi. Ijumaa ile nikamweleza yote, mapengo, wimbo, mafuta ya upako. Nilitegemea atatetemeka. Yeye akauliza, "Mama, huwa unaingia na dumu saa ngapi?"

"Nikiitwa."

"Na ukiitwa, huwa kumetokea nini?"

"Si unajua! Kuna mtoto amefariki."

"Kila mara?"

"Kila mara. Asubuhi tunacheza mpira. Dumu ni la kufunika tu."

Akafunga daftari. "Kwa hiyo wao wakikuona unakuja na dumu unacheka, wanajua nini?"

Banange, jamani, nilimkasirikia! Nilimwambia mtoto hawezi kujua mambo hayo, nilimwambia yeye hajazaa, nilimwambia nimeimbia watoto hawa mpaka koo likatoa damu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, mama," akaniacha nimesimama na hasira zangu. Jioni, Bwaise, nilikuwa nasugua sufuria, mikono ndani ya maji, ndipo nilipoelewa. Wale watoto walikuwa wananiogopa. Nilikuwa mtu anayekuja anacheka, na akija, mmoja wao haonekani tena, na kesho yake mtu huyo huyo anaapa kwamba mtoto hakuwahi kuwapo. Nikakaa chini sakafuni, nikalia mpaka wanangu wakatoka kuuliza nani amekufa.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kwa binti wa askari. Mwanasaikolojia alinifundisha njiani, "Usianze kueleza. Muulize yeye anajua nini." Alipotuona akajifunika. Nikakaa kwenye kiti, nikaongea na shuka.

"Mwanangu, nimekuja bila dumu. Sina wimbo. Nataka unieleze mimi ni nani."

Mwanasaikolojia akanionyesha kwa mkono ningoje, nami kungoja kwangu ni adhabu, lakini nikangoja.

"Wewe ndio unakuja kuchukua," shuka likasema. "Ukikuja na kucheka, mutoto moja anaisha."

"Na siku ya mvua, mlijuaje?"

"Asubuhi sista hakumupima ile mutoto aliisha. Alipita na mizani, hakusimama. Wakiacha kupima wewe, unaisha." Alisema hivyo tu, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya nyanya. "Wakaleta pazia ya kitanda yake. Tukasema tuimbe sisi, wewe usikuje."

Hawakuwa na pepo yeyote. Walikuwa na macho, na hakuna mtu mzima aliyekubali kuzungumza nao juu ya walichokiona.

"Na wewe kwa nini humezi dawa?"

Akateremsha shuka mpaka puani. "Ukiisha, unasema hakuwa. Ile ya dirisha unasema hakuwa. Basi mimi nilijaribu. Nilijaribu kuwa hakuna, nione kama inauma."

"Inauma?"

"Inachosha."

Mwanasaikolojia aliinamisha kichwa. Mimi sikuweza kuinamisha kitu. Nikasema, na mnajua kunong'ona sijui, nikalitaja jina la mtoto wa dirishani, jina lake lote, na la ukoo. Nikasema alikuwapo. Nikasema alilala pale, kibogoyo, na mlikula sahani moja, na nilikudanganya. Nikasema amekufa, Alhamisi saa nne, ugonjwa ulimshinda nguvu, mama yake alikuwa amemshika, na amezikwa kwao. Nikasema, "Mimi simchukui mtu. Niliimba kwa sababu sisi wakubwa tulikuwa tunaogopa."

Wodi nzima ilikuwa imesikia. Kina mama walisimama na mabeseni mkononi. Sista akatokea mlangoni, amekasirika, akanitazama kama mtu aliyetukana msikitini. Na kutoka vitanda vya mbali sauti ndogo zikaanza kuuliza. Na yule wa pampu ya dawa? Na yule mwenye redio? Nikayataja majina yao. Yote matano yaliyobaki, pamoja na la siku ya mvua, na mengine ya kabla yao niliyodhani nimeyasahau. Hakuna mtoto aliyepiga kelele. Walisikiliza, na mmoja akasema, "Nilijua."

Binti wa askari alikaa kitako. Akaniuliza, "Siku yangu ikifika, utasema mimi nilikuwa?"

"Nitasema."

"Hapana. Utaniambia mimi? Kwanza mimi, kabla sijaona mizani?"

Nilimtazama mama yake, nikamtazama mwanasaikolojia. Hakuna aliyenisaidia. Nikasema, "Nikijua, nitakuambia."

Akanyoosha mkono, akataka vidonge. Akavihesabu, akavimeza kimoja kimoja na chai iliyopoa, akafungua mdomo nione hakuna kilichobaki.

Sista yule hakuniongelesha wiki mbili. Kulikuwa na vikao, maneno makali, nikaitwa kujieleza. Lakini mwanasaikolojia alinisimamia, na taratibu kuimba kukafa. Mtoto akifariki, tulianza kukaa na wenzake na kuwaambia, kila mmoja kadiri ya swali lake. Mapengo mkekani yalibaki, ila sasa akija mgeni waliweza kumwonyesha kwa kidole nani ni nani, na wakati mwingine walibishana na kucheka. Watoto walilala vizuri zaidi. Walikula. Mimi mwenyewe nilianza kulala.

Na yeye alinawiri. Nywele zikaota laini, mashavu yakarudi. Akawa ananisaidia kutafsiri kwa watoto wapya kwa Kiswahili chake cha amri: "Hii sindano inauma kidogo. Hesabu kumi. Imeisha." Aliruhusiwa kwenda kambini na kurudi kwa miadi. Baba alikuja na likizo, akamnunulia viatu vyekundu. Nilianza kusema nyumbani kwangu, kwa sauti yangu hii, kwamba yule amepona.

Alirudi na homa na michubuko miguuni isiyo na sababu. Wakapima damu, wakapima uboho. Dokta akatuita, mama yake na mimi, kwenye kile chumba kidogo chenye viti vitatu. Aliongea Kiingereza, taratibu. Kazi yangu ilikuwa kuyatia maneno yale kwenye Kiswahili, na hakuna mtu mwingine chumbani wa kuyasema. Ugonjwa umerudi. Dawa zilizopo haziwezi tena. Tutamtunza asiumie. Niliyasema. Nikamuuliza dokta, kwa ajili yangu mwenyewe, juu ya zile siku za vidonge chini ya godoro. Akasema nisihesabu hivyo, ugonjwa ule ungeweza kurudi hata bila hizo. Nahesabu hivyo hata leo.

Mama mtu alinishika mkono. "Dada, usimwambie. Nakuomba kwa Mungu. Ni mtoto."

"Nilimwahidi. Ulikuwapo."

"Mimi ndiye nilimzaa."

Kweli, ndiye aliyemzaa, na sikuwa na neno juu ya hilo. Nikamwambia, "Sitaingia bila ruhusa yako. Lakini akiniuliza, sitaweza kumdanganya mara ya pili. Nitakimbia hospitali hii, nitarudi kuuza vikwembe." Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka karibu saa saba, wanawake wawili, hakuna aliyekunywa maji. Mwisho akasema, "Sema wewe. Mimi siwezi kumwangalia. Nitasimama nje."

Nikaingia. Alikuwa amelazwa chumba cha pembeni kwa sababu ya homa, anachora mistari kwenye karatasi. Akainua macho, akanisoma uso.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, mwanangu."

"Dawa imeshindwa?"

"Ya kuponya imeshindwa. Ya maumivu ipo, na haitakosa."

"Leo?"

"Si leo. Hatujui lini. Nikijua, nitasema."

Akaiweka kalamu chini. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. Nilimshika miguu kupitia shuka, nikasikia inavyotetemeka, na nilitamani kupiga kelele iliyonijaa kifuani, nikaimeza. Kisha akajifuta kwa kiganja.

"Mama anajua?"

"Anajua."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na iko wapi?"

"Nje hapo, nyuma ya mlango."

Akatazama mlango, akasikiliza. Nami nikasikiliza. Kulikuwa na mtu upande wa pili anayejitahidi kulia bila kutoa sauti.

"Muite aingie," akasema. "Mwambie mimi najua. Asichoke tena kunificha."